Nakala Kumi na Moja

Bi Mwanamvua alikuja saa tano kasoro,
duka langu la steshenari, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kitabu amekiviringisha kwenye kanga kama mtoto mwenye homa.
"Nitolee kumi na moja," akasema. "Tuko kumi na moja,
na kila mtu anadai babu alimwachia yeye."

Ulikuwa utenzi. Herufi za Kiarabu, wino wa masizi,
kurasa zimetobolewa na mchwa hadi kwenye vitenzi.
Alifu na bee za chuoni zilikuwa zimenilalia;
nikaziamsha, nikasoma kwa kidole,
huku taa ya mashine ikipita chini
kama mtu anayetafuta shilingi uvunguni.

    Kisima cha baba yao
    wakakikata kwa mbao
    kila mmoja kwa kwao
    maji yakawa ya chumvi

"Ndugu hawa," nikauliza, "walikuwa wa wapi?"
"Wa zamani," akajibu, macho kwenye simu.
Kundi la familia lilikuwa linanguruma:
shangazi amejitoa, amerudishwa, amejitoa.
Nyumba ya Usagara ina vyumba sita, hati moja,
na kufuli tatu ambazo hakuna anayezikiri.

Foleni ikakua.
Kijana wa Makorora anataka bango la kumpongeza diwani
kwa siku ya kuzaliwa. Juzi alichapisha kwangu
la kumpongeza anayekitaka kiti hichohicho.
Ukurasa wa saba yumo: mtumishi wa baraza
aliyekisifu kikohozi cha mfalme kwa mizani kamili,
na usiku akamwonyesha adui lango lisilo na komeo.
Binti anataka picha ya pasipoti, pua ipunguzwe kidogo.
Ukurasa wa tisa: malkia anaamuru vioo vyote vitupwe mtoni,
halafu anaogopa kila kikombe cha maji.

Aliyeandika hakunijua.
Alichonga kalamu yake ya mwanzi, akapiga chafya labda,
akaendelea.

Nakala ya tano, karatasi ikakwama.
Nikalifungua tumbo la mashine, nikaivuta polepole,
imekunjamana penye ubeti huu:

    Zile mbao zasimama
    kila ndugu kaegama
    akalia sana mama
    hata akaota mvi

Mama yetu aliacha cherehani moja.
Niliichukua mimi, usiku, kabla ya arobaini,
kwa sababu... nilikuwa na sababu, tena nyingi,
nilizipanga vizuri kuliko wakili.
Kaka yangu Mwinjuma yuko Muheza, anauza machungwa.
Kwa gari haifiki saa moja.
Huu mwaka wa tisa, na sijafika.
Cherehani iko nyuma ya duka, chini ya maboksi ya karatasi.
Sijui kushona.

Bi Mwanamvua akahesabu, akaomba apunguziwe, akapunguziwa,
akataka bahasha kumi na moja, kila moja na jina lake.
Kitabu chenyewe akakirudisha kwenye kanga.
"Na hicho, nani atakaa nacho?"
Akanitazama kana kwamba nimemtukania baba.
"Hicho ndicho kesi yenyewe, mwanangu.
Nakala ni za mahakama.
Kusoma, hakuna anayesoma."

Alipoondoka niligundua nilibonyeza kumi na mbili.
Ile ya ziada nikaipiga picha, ubeti wa mbao peke yake,
nikaituma Muheza. Sikuweka salamu.
Mteja wa kitambulisho akaja, akalipa, akaenda.
Mwingine akaulizia bei ya daftari, akasema ghali.
Kisha simu ikatetemeka juu ya meza:

"Nani mwenzangu?"

Mashine bado ina joto. Vidole vimeshika unga mweusi.
Naandika jina langu, nafuta.
Naandika la mama.